Kabla Hujapanda Ndege: Mwongozo wa Mchezaji wa Voliboli Anayekwenda Klabu ya Ujerumani

Kila ligi ikiisha, simu yangu hujaa. "Dada, wakala anataka elfu hamsini ya usajili, nitume?" "Dada, klabu imenikubali, viza inachukua muda gani?" "Dada, huko mshahara unaingia kwa M-Pesa?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo nayaandika yote hapa. Ukiniuliza tena nitakutumia huu mwongozo.

Nilicheza misimu miwili Ujerumani kama mshambuliaji wa kushoto, baada ya miaka kadhaa kwenye timu ya taasisi hapa Kenya. Nitaeleza ya Ujerumani kwa sababu ndiyo niyajuayo. Kama unaelekea Ugiriki, Romania au Uturuki, hatua za nyumbani ni hizihizi, ila za kule ulizia upya.

Jambo moja lishike tangu sasa: dili nyingi hazifi Ulaya. Hufia hapahapa kwetu, ndani ya droo ya mtu ambaye hajawahi kukuona ukiruka. Mkataba wangu wa kwanza ulikufa hivyo. Klabu ilisubiri hadi mwisho wa Septemba, barua moja haikusainiwa, wakamchukua mwingine.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Pasipoti yenye angalau miezi 18 mbele. Ikibaki na miezi minane, badilisha sasa.
- Cheti cha kuzaliwa, na majina yaliyomo yafanane na ya pasipoti herufi kwa herufi. Achieng na Achiengʼ kwa karani wa Ulaya ni watu wawili.
- Cheti cha tabia njema. Kenya unaomba kupitia eCitizen, Tanzania unaomba polisi. Usikichukue mapema mno, maana wanaokiomba hutaka kipya.
- Video ya mechi mbili nzima, pamoja na kipande kifupi.
- Vipimo vyako vya kweli: urefu, mkono mmoja unafika wapi ukipiga, na mikono miwili inafika wapi ukizuia.
- Barua pepe yenye majina yako halisi. Ile ya kidato cha pili yenye jina la utani iache ipumzike.
- Akiba ya kuishi miezi miwili. Mshahara wa kwanza hautakusubiri uwanja wa ndege.

Hatua 1: Jua ngazi unayoweza kuingia kisheria

Hapa pana kizingiti ambacho wengi hawakijui hadi wajikwae. Mwanamichezo wa kulipwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hupewa kibali cha kazi Ujerumani kwa masharti. Awe ametimiza miaka 16. Shirikisho la mchezo wake la huko Ujerumani, kwa voliboli ni DVV, likubaliane na kamati ya michezo ya nchi hiyo kwamba kiwango chake kinatosha. Na mshahara wake kabla ya makato usipungue nusu ya kiwango cha juu kinachotozwa michango ya pensheni ya taifa. Mwaka 2025 nusu hiyo ilikuwa euro 4,025 kwa mwezi, na kiwango hicho hupanda karibu kila Januari.

Maana yake ni hii. Klabu ya daraja la pili inayokuahidi euro 800 na chumba haiwezi kukuleta kama mchezaji wa kulipwa, hata ikupende vipi. Zipo hata klabu ndogo za daraja la kwanza zisizofika hapo. Basi swali lako la kwanza lisiwe "mko mji gani?" Liwe: "Mshahara kabla ya makato ni kiasi gani, na mmewahi kumpatia kibali mchezaji wa nje ya Umoja wa Ulaya?" Jibu likizungukazunguka, shukuru uendelee na safari.

Onyo: usikubali kwenda kwa viza ya utalii eti "tutabadilisha ukifika". Kucheza kwa malipo ni kazi. Ukikamatwa, anayefukuzwa ni wewe, klabu inabaki palepale.

Nafasi nayo ina uzito wake. Seta (mpangaji wa mipira) na libero (mlinzi wa nyuma) kutoka mbali huchukuliwa kwa nadra, kwa sababu wao ndio wanaoongea sana uwanjani na lugha ni kikwazo. Washambuliaji na wazuiaji wa kati ndio hutafutwa. Ila mgeni haletwi kujaza benchi. Lazima uwe bora kuliko kijana wa hapo anayelipwa nusu yako.

Hatua 2: Tengeneza video ya kocha, si ya mashabiki

Kila mtu hunitumia dakika tano za makombora yenye muziki juu. Kocha ameshaona makombora. Kama unacheza kushoto, anachotaka kuona ni mapokezi: servisi inakujia kwa kasi, unafanya nini? Kipande kifupi kisizidi dakika nne, kianze na mapokezi, kisha mashambulizi ya mpira mbovu uliopangwa mbali na neti, halafu bloku na servisi. Yale makombora mazuri yaje mwisho.

Kisha ambatisha mechi mbili nzima. Taja namba ya jezi, tarehe na mpinzani. Kamera ikae nyuma ya mstari wa mwisho, juu kidogo. Ukipigia picha pembeni, kocha haoni mapengo. Mechi za uwanja wa saruji wenye upepo zinafaa kama huna nyingine, lakini tafuta hata moja ya ukumbi wa ndani. Kama umecheza mashindano ya klabu bingwa Afrika au umevaa jezi ya timu ya taifa, Malkia Strikers, tuma hizo kwanza. Pointi kumi na tano dhidi ya Al Ahly ya Misri zinaeleweka popote, lakini pointi thelathini dhidi ya timu ya mtaa hazimwambii kocha chochote.

Onyo: usiongeze sentimita. Neti ya wanawake ni mita 2.24 na ya wanaume 2.43, na kocha atakupima wiki ya kwanza. Mwenzangu aliandika 186. Alipimwa 179 mbele ya timu nzima, na msimu mzima jina lake likawa "Saba".

Hatua 3: Malizana na mwajiri wako. Hapa usiharakishe

Voliboli yetu inalelewa na taasisi: magereza, polisi, jeshi, bandari, benki. Wewe ni mwajiriwa kwanza, mchezaji baadaye. Kocha wako kusema "nenda mwanangu, Mungu akubariki" si ruhusa.

Omba likizo bila malipo kwa maandishi, mara tu klabu inapoonyesha nia, wala usingoje mkataba. Barua ya majibu ieleze likizo inaanza lini, inaisha lini, na kwamba ukirudi nafasi yako ipo. Kama uko jeshini au magereza, barua hupita meza nyingi. Jua iko meza ipi kila wiki. Nenda mwenyewe, vaa vizuri, salimia karani kwa jina, usiende na hasira. Karani ndiye anayejua faili liko wapi, mkuu hajui.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia: mkopo wa Sacco. Makato yako hutoka kwenye mshahara. Mshahara ukisimama, makato yanasimama, na baada ya muda wanaanza kukatwa waliokudhamini. Mimi nilikuwa mazoezini, kijasho chembamba, simu ikaanza kuingia ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa ofisini aliyenidhamini. Sitasahau maneno yale. Kabla ya kuondoka nenda Sacco, wape maagizo ya benki ya kulipa kila mwezi, na uwape wadhamini wako nakala. Ulizia pia bima ya afya ya watoto na wazazi waliomo kwenye kadi yako, kwa sababu inaweza kukatika kimyakimya.

Hatua 4: Wakala

FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, hutoa leseni kwa mawakala, na orodha yao huwekwa kwenye tovuti yake. Tafuta jina. Kama halipo, uliza kwa nini.

Wakala wa kweli hulipwa dili likikamilika, na kwa kawaida ni karibu asilimia 10, ambayo mara nyingi hutoka kwa klabu. Anayetaka "ada ya usajili", "pesa ya faili" au "nauli ya kwenda ubalozini" kabla hujaona mkataba, huyo anakula kwa jasho lako. Makubaliano naye yawe na mwisho: msimu mmoja, nchi zilizotajwa. Na usimsainie wa pili kabla ya wa kwanza kuisha. Klabu ikipokea video yako kutoka kwa watu watatu tofauti, itaogopa ugomvi na kukuacha.

Makocha hupanga vikosi kati ya Februari na Mei. Dirisha dogo la pili huja Desemba na Januari, mtu akiumia. Ukianza kuhangaika Agosti umechelewa.

Hatua 5: Soma mkataba kwa kalamu mkononi

Usisaini siku uliyoupokea. Uliza haya, na majibu yaingie kwenye karatasi, yasibaki WhatsApp:

- Kiasi kilichoandikwa ni kabla ya makato au baada? Ujerumani, mtu asiye na ndoa huondokewa na takriban theluthi nzima kwa kodi na michango.
- Unalipwa miezi mingapi? Msimu ni kuanzia Agosti hadi Aprili au Mei. Mkataba wa miezi tisa si wa miezi kumi na mbili, ingawa tumbo ni la mwaka mzima.
- Nyumba ni yako peke yako? Nani analipa umeme na joto? Joto la kupasha nyumba linaweza kukushangaza kuliko kodi ya nyumba.
- Tiketi ni ya kwenda tu au na kurudi? Ukivunja mkataba mapema je?
- Ukiumia, mshahara unaendelea? Unaweza kuachishwa?
- Mshahara ukichelewa, baada ya siku ngapi uko huru kuondoka?
- Nani analipia cheti cha uhamisho? Jibu sahihi ni klabu.
- Timu ya taifa ikikuita, unaachiwa kwa tarehe zipi?

Kama mkataba ni wa Kijerumani, dai nakala ya Kiingereza na uangalie ipi ndiyo ya kisheria zikitofautiana.

Hatua 6: Cheti cha uhamisho wa kimataifa

Sisi hukiita ITC. Bila hicho utafanya mazoezi lakini hutacheza mechi rasmi. Hushughulikiwa mtandaoni kwenye mfumo wa FIVB, na lazima pande zote zikubali: klabu mpya, shirikisho la kule, shirikisho lako la nyumbani, na wewe mwenyewe. Shirikisho lako linaweza kudai ada yake.

Watu huchanganya hili na soka. Kwenye voliboli, ITC ina muda. Msimu ukiisha, unarudi chini ya shirikisho lako la asili hata kama hujakanyaga nyumbani. Ukitoka Ujerumani kwenda Ufaransa mwaka ujao, ni Nairobi au Dar es Salaam watakaokubali tena, si Wajerumani. Kwa hiyo usiondoke kwa kutukana shirikisho. Utawahitaji kila mwaka hadi utakapotundika viatu.

Onyo: ujumbe wa kukuomba ukubali huingia kwenye barua pepe, pengine kwenye taka. Angalia kila siku. Najua mtu aliyelaumu shirikisho wiki tatu, kumbe aliyekuwa hajabonyeza ni yeye.

Hatua 7: Viza

Unaomba viza ya kitaifa, aina ya D, siyo ile ya siku 90 ya Schengen. Ada yake ni euro 75. Peleka mkataba uliosainiwa, uthibitisho wa shirikisho la Ujerumani, uthibitisho wa bima na makazi, na ile barua ya mwajiri. Weka miadi ya ubalozi mara tu mkataba unaposainiwa, kisha kusanya karatasi ukiwa unasubiri. Miadi ndiyo huchukua muda, karatasi utazipata. Mwombe meneja wa klabu awasiliane na ofisi ya wageni ya mji wao, kwani mara nyingi faili huenda kule kuidhinishwa, na simu ya mtu wa hapo huisogeza.

Hatua 8: Funga mizigo

Viatu jozi mbili, hasa kama mguu wako ni mkubwa au mpana. Nguo za baridi nunua kule, za kwetu hazitoshi. Unga kilo mbili za kukutuliza wiki ya kwanza, halafu utapata duka la Waafrika.

Dawa ni habari nyingine. Tangu Januari 2024 dawa ya maumivu ya tramadol imepigwa marufuku wakati wa mashindano, na sindano za kotikosteroidi tangu 2022. Ile dawa ya mgongo uliyopewa na duka la dawa la mtaani usiibebe bila kumwonyesha daktari wa klabu. Mitishamba hivyohivyo. Kwenye doping huwezi kujitetea kwa kusema ulipewa na shangazi.

Hatua 9: Wiki mbili za kwanza

Ndani ya wiki mbili tangu uhamie nyumbani kwako lazima ujiandikishe ofisi ya mji. Wanaita Anmeldung. Unahitaji pasipoti na karatasi ya mwenye nyumba. Bila hiyo, akaunti ya benki na namba ya kodi zitakusumbua, na bila namba ya kodi mshahara wa kwanza unakatwa kwa kiwango kibaya kuliko vyote. Hurudishwa baadaye, lakini wewe unahitaji kula sasa.

Kwenye fomu hiyo kuna kisanduku cha dini. Jaza ukijua: ukiandika Mkatoliki au Mlutheri, utatozwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yako ya mapato, kutegemea jimbo. Mimi niliandika kwa furaha, nikidhani wananiuliza ili wanionyeshe kanisa. Sikuambii ukane imani. Ila jua kwamba sadaka hiyo haipitishwi kwenye kapu.

Kisha barua ya ada ya redio na televisheni itakuja, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Usiitupe. Ulizia klabu nani analipa.

Jumapili maduka yamefungwa, nunua chakula Jumamosi. Baada ya saa nne usiku usipige muziki, jirani hatakugongea mlango, ataandika barua.

Hatua 10: Uwanjani

Asubuhi vyuma, jioni mpira, katikati video. Utakuta mtakwimu ameketi na kompyuta akiandika kila mguso wako kwenye programu ya Data Volley. Jifunze alama zake siku ya kwanza: # ni mguso uliokamilika, + ni mzuri, = ni kosa. Jumatatu utapewa karatasi. Kocha hatakuambia "umejitahidi". Atakuambia mapokezi yako upande wa kulia ni asilimia ngapi. Usidhani anakuchukia.

Sakafu ni ya plastiki laini, inashika kiatu. Magoti yaliyozoea saruji hufurahi, vifundo vya miguu vinashtuka. Punguza miruko wiki mbili za kwanza hata kama unataka kuwaonyesha. Na servisi zao ni nzito. Huko kwetu nilikuwa natajwa kwa mapokezi, na mwezi wangu wa kwanza kule mipira ilinipita masikioni kama nyuki.

Kufika kwa wakati ni kufika dakika ishirini kabla. Muite kocha kwa jina lake la kwanza kama wengine, ingawa ulimi utagoma. Na jifunze Kijerumani cha uwanjani mapema: "wangu", "nje", "mrefu", "mfupi". Kingine kitafuata.

Mambo yakikwama

*ITC haisogei.* Jua imesimama upande gani. Klabu inaona kwenye mfumo. Ikiwa ni kwa shirikisho lako, usipige kelele mitandaoni. Nenda ofisini, uliza ni ada au ni barua ya mwajiri, lipa au leta, subiri hapohapo.

*Viza imekataliwa.* Soma sababu. Mara nyingi ni mshahara kutofika kizingiti au karatasi pungufu. Rekebisha hilo moja uombe upya, usibadilishe hadithi.

*Mshahara umechelewa.* Siku ya kumi andika barua pepe ya heshima. Siku ya thelathini andika nyingine ukitaja kifungu cha mkataba. Weka kila kitu. FIVB ina utaratibu wa madai ya pesa kati ya wachezaji na klabu, lakini unataka ushahidi wa maandishi. Usiache mazoezi kwa hasira, utawapa sababu.

*Umeumia.* Mwambie daktari papo hapo kwamba ni ajali ya kazini. Wachezaji wa kulipwa Ujerumani wana bima ya ajali kazini inayolipia matibabu na ukarabati. Ukinyamaza na kusema kesho yake "niliteguka nyumbani", umejifungia mlango.

*Huchezeshwi.* Mwombe kocha dakika kumi, uliza kitu kimoja cha kuboresha, usiulize "kwa nini yeye". Rudi baada ya wiki tatu na namba zako.

*Giza.* Desemba jua linazama saa kumi alasiri. Ukijikuta unalala mchana na hutaki kula, mwambie daktari wa timu akupime vitamini D. Piga simu nyumbani kwa saa uliyoipanga, siyo kila saa. Mimi nilipiga kila saa, nikamaliza vifurushi na machozi pamoja.

*Unaondoka kabisa.* Jifute kwenye ofisi ya mji, funga mkataba wa simu na umeme, chukua hati zote za mshahara. Kisha weka kumbukumbu kwenye simu ya miezi 24 mbele. Raia wa nchi kama Kenya na Tanzania aliyechangia pensheni chini ya miaka mitano anaweza kudai arudishiwe sehemu yake baada ya miezi hiyo, akiwa anaishi nje ya Umoja wa Ulaya. Fomu ipo, haina wakala, na ya klabu hairudi, yako tu ndiyo inarudi. Yangu iliingia mwezi wa Aprili. Nililipa Sacco, nikamnunulia yule mama wa ofisini leso mbili.